Maji ya Mpaka Saa Saba

Vijana wa kigango walipopanga kwenda Ibisilo Jumatatu ya Pasaka, hawakujua kwamba maporomoko ya Ibisilo hayaanguki tena. Waliojua walikuwa wachungaji wachache wa ng'ombe, ambao hakuna aliyewauliza kitu, pamoja na mwenyekiti wa kijiji, Masele. Na katibu wa vijana aliyeuandika mpango huo kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri wa kupigia mstari, alikuwa Esteria, binti wa Masele.

Walikuwa wamekaa kando ya ukuta wa kanisa baada ya misa ya Jumapili ya Matawi, matawi yenyewe bado mikononi. Kila mwaka Jumatatu ya Pasaka vijana walikwenda Emau, matembezi ya kuwakumbuka wale wanafunzi wawili waliokutana na Yesu njiani, na kila mwaka Emau yao ilikuwa uwanja wa shule ya msingi, mpira wa miguu na sufuria la pilau. Mwaka huu wa 1996 walisema basi, wamechoka kutembea hatua mia mbili na kuiita safari.

"Ni mbali kiasi gani huko?" aliuliza msichana mmoja.

"Saa tatu kwa miguu," alijibu Sylvester, mwenyekiti wa vijana, ambaye siku za kazi alikuwa fundi baiskeli pale Dutwa. "Kwa mwenye raba."

"Na sisi wenye makatambuga ya matairi?"

"Saa tatu na nusu. Nusu saa ni ya kutoa miiba."

Walicheka, kisha wakagawana kazi. Huyu alete unga, yule sufuria, wale watatu wachange mbuzi. Wasichana waombewe ruhusa na Esteria mwenyewe, nyumba kwa nyumba, maana wazazi walimwamini. Kwa vile, tangu wizi wa mifugo uzidi, walinzi wa sungusungu wa vijiji vya njiani hawakuruhusu kundi la watu arobaini kupita bila maelezo, ilihitajika barua yenye muhuri wa kijiji.

"Hiyo si kazi," alisema Sylvester. "Muhuri unalala nyumbani kwa katibu wetu."

Esteria aliona fahari. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na jambo alilojivunia kuliko yote lilikuwa baba yake. Aliwaeleza tena habari ya Ibisilo, ingawa wengi walikuwa wameisikia: kwamba wakati wa Mjerumani, askari walipokuja kudai kodi ya kibanda na kuchukua watu, wanawake walikimbilia kwenye pango lililo nyuma ya maji wakakaa siku tatu na watoto wao. Bibi yake, Milembe, alizaliwa humo. Askari walisimama upande wa pili wa maji wakinywesha farasi, na hawakusikia mtoto akilia kwa sababu ya ngurumo.

"Bibi amesema naye anakwenda," alimalizia.

"Na miguu yake ile?"

"Amesema miguu ni shauri letu, si lake."

* * *

Masele aliisoma barua akiwa amesimama mlangoni. Akaisoma tena. Ilikuwa fupi, ya mistari sita, wala haikuwa na kosa.

"Wino wa muhuri umekauka," alisema.

"Nimenunua mwingine, baba. Jana nilipokwenda Bariadi." Esteria alitoa kichupa mfukoni.

"Njia ile ina nyoka."

"Tunakwenda mchana. Na wavulana watatangulia na fimbo."

"Sawa, niachie. Nitaiangalia."

Esteria alimwangalia baba yake kwa mshangao. Barua za watu wa nje alizipiga muhuri palepale, hata za wauza dawa za kuulia panya. Lakini hakubisha. Aliiweka mezani akaenda kuchota maji.

Ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Kiangazi kilichopita alikuja Ngeleja, mfanyabiashara wa Dutwa. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba alikuwa amepata fedha za haraka, na fedha hizo alizigeuza ng'ombe. Alitaka kuchimba lambo juu ya Ibisilo, akinge kijito chote, na maji yatakayozidi ayaelekeze kwenye majaruba yake ya mpunga. Jambo kama hilo lilipaswa kupelekwa kwenye mkutano wa kijiji. Masele hakulipeleka. Alipiga muhuri kwenye kibali cha mwaka mmoja, sebuleni kwake, na baada ya wiki moja lori likashusha mabati thelathini. Nyumbani alisema ameyapata kwa mkopo. Alijiambia kwamba maji ni maji, yakisimama au yakianguka, na ng'ombe wa kijiji nao watakunywa. Hilo la ng'ombe lilikuwa kweli, ndiyo maana wachungaji hawakulalamika.

Hakuwa mwizi kwa tabia. Alikuwa mtu aliyechoka kuhamisha kitanda kila mvua inaponyesha, akatendewa wema na mtu asiyetenda wema bure. Sasa binti yake alitaka kupeleka watu arobaini, na mama yake mzazi juu ya baiskeli, wakatazame mawe makavu. Wangeuliza nani amefanya hivi. Jibu lilikuwa limeandikwa, na muhuri juu yake.

* * *

Jumatano Masele alivaa koti lake la mikutano akaendesha baiskeli hadi Dutwa. Ngeleja alikuwa dukani, anaongea na dereva wa lori. Alimwona Masele, akamwonyesha kwa kidole gunia la chumvi ya ng'ombe.

"Kaa hapo, mwenyekiti. Nakuja."

Masele alikaa juu ya gunia. Dereva alipewa soda baridi, mke wa dereva akapewa, na utingo naye akapewa. Wakaongea habari za bei ya matairi Mwanza, kisha za mtu fulani aliyefilisika, wakacheka sana. Wateja waliingia na kutoka, na wawili kati yao walikuwa watu wa kijijini kwake. Walimsalimia kwa heshima na kujiuliza mwenyekiti anafanya nini juu ya chumvi. Alikaa karibu saa nzima.

"Haya, nieleze," alisema Ngeleja hatimaye.

Masele alimweleza. Aliongea kwa sauti ndogo, na Ngeleja kila mara alimwambia apaze.

"Yaani nifungue lambo langu ili watoto wakaone maji?"

"Kwa siku moja tu. Jumatatu."

"Mwenyekiti, lile lambo lina ng'ombe mia nne. Na mpunga wangu ndio kwanza umeshika." Alikuna kidevu. Hakuonekana kukasirika, na hilo ndilo lililomtia Masele hofu. "Lakini wewe ni mtu wangu. Nitafungua. Shida, mlinzi wangu, atatoa magunia ya udongo saa moja asubuhi, saa saba mchana atarudisha. Dakika moja zaidi hapana, ng'ombe watalamba matope."

"Wabeja sana," alisema Masele. Ahsante ilimtoka kwa Kisukuma bila kutaka, kama mtoto anayepewa kitu na mkubwa.

"Ngoja, usishukuru upesi." Ngeleja alivuta droo akatoa karatasi mbili zilizopigwa chapa. "Kile kibali chetu kinaisha mwezi wa saba. Mimi sipendi kusumbuana kila mwaka. Hii ni ya miaka ishirini. Piga muhuri, niletee Jumamosi. Usipoleta, Shida hana haja ya kuamka mapema."

Masele alizikunja karatasi akazitia ndani ya koti. Njiani alishuka kwenye baiskeli mara mbili, mahali ambapo hapakuwa na mlima.

* * *

Ijumaa Kuu, wengine walipokuwa wamekwenda Njia ya Msalaba, Masele alibaki nyumbani akisingizia mgongo. Mke wake, Klementina, alikuwa uani anachagua michembe ya safari, vile vipande vikavu vya viazi ambavyo Esteria aliahidi kuwapa wenzake wale njiani. Alisikia boksi la muhuri likifunguliwa, akanyanyuka na ungo wake akaja kusimama mlangoni.

Klementina hakujua kusoma vizuri, lakini hakuhitaji kusoma. Alikuwa ameishi na Masele miaka ishirini na miwili.

"Ni ya Ngeleja hiyo?"

"Ni karatasi za kijiji."

"Baba Esteria, nimekuuliza."

Masele alifunika boksi. Kisha akamwambia yote, kwa mkupuo, akiangalia meza. Klementina alisikiliza huku mkono wake ukiendelea kuchagua michembe, mibovu huku, mizima huku.

"Mwaka jana ulipiga muhuri tukapata mabati," alisema. "Leo ukipiga tunapata nini?"

"Maji."

"Maji tuliyokuwa nayo."

"Ni siku moja, Klementina. Mtoto ataona maporomoko, mama ataona, watu watarudi wamefurahi. Baadaye nitatafuta namna."

"Mwambie mtoto. Mwambie leo akitoka kanisani. Atalia, atakununia wiki mbili, kisha yatakwisha. Wewe ni baba yake."

"Ananiamini," alisema Masele. "Hujui anavyoniangalia?"

Klementina alijua. Alimwonea huruma, na huruma ile ilimfanya anyamaze pale ambapo angepaswa kuongea zaidi. Baadaye alijilaumu sana. Alirudi uani. Masele alichovya muhuri kwenye wino alioununua binti yake akagonga mara mbili, nakala kwa nakala. Kisha akaigonga na barua ya vijana, kwa kuwa wino ulikuwa bado mbichi.

Jioni Esteria aliipokea barua yake kwa mikono miwili, amepiga goti.

"Ahsante baba. Nilianza kudhani hutaki."

* * *

Masele alikuwa ameamua kufuatana na vijana, na alikuwa amepiga hesabu ya saa zake vizuri. Wangeondoka saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu wangefika, wangekula, wangeimba, saa sita wangeanza kurudi. Shida angeweka magunia yake wakati mgongo wa mtu wa mwisho umeshapotea nyuma ya kilima. Kosa lake lilikuwa moja: alihesabu kwa miguu yake mwenyewe, akamsahau mama yake.

Bibi Milembe alikuwa hajapita njia ile kwa miaka tisa. Alikaa nyuma ya baiskeli ya Sylvester juu ya gunia lililokunjwa, amevaa kitenge kipya, na katika kaya ya kwanza waliyoifikia alimpiga Sylvester bega.

"Simama. Hapa ameolewa mtoto wa dada yangu."

"Mayu, tutawasalimia wakati wa kurudi," Masele alimwambia mama yake.

"Nipite mlangoni kwa watu kama mbwa?"

Wakasimama. Salamu za Kisukuma hazisalimiwi kwa kupunga mkono. Wasichana wote walipiga magoti, "Ng'wangaluka," wakaitikiwa, wakaulizwa wa ukoo gani, mmoja mmoja, na kila ukoo ulipotajwa alipatikana mtu wa kumuulizia, kama anaumwa au amekufa au ng'ombe wake wamezaa. Yakaletwa maziwa ya mgando. Kukataa maziwa haikuwezekana. Kaya ya pili ilikuwa ya rafiki wa bibi aliyecheza naye ngoma usichanani, na huyo alilia kwanza kabla ya kusalimia. Ya tatu walisimama sungusungu, wakaisoma barua, wakauona muhuri, wakampa mwenyekiti heshima yake, kisha nao wakamtambua bibi.

Vijana hawakujali. Ilikuwa sikukuu, mvua ya usiku ilikuwa imelaza vumbi, na mahindi yalikuwa yamefika kifuani. Waliimba. Masele peke yake ndiye aliyekuwa akitazama saa. Kaya ya tano alimvuta Esteria pembeni.

"Mwambie bibi yako tunachelewa."

"Tunachelewa nini, baba? Maji yanakwenda wapi?"

Alicheka, akakimbia kuwafuata wenzake. Masele alibaki amesimama katikati ya njia, jasho linamtoka kana kwamba amelima.

* * *

Waliyasikia kabla ya kuyaona. Ilikuwa imebaki robo kufika saa sita. Wavulana walianza kukimbia, wasichana wakashika sketi wakakimbia nao, hata wenye makatambuga. Walipozunguka jabali la mwisho wakasimama wote. Maji yalikuwa yakianguka kutoka urefu wa nyumba tatu, meupe, na manyunyu yake yaliwafikia usoni.

Masele aliyaona, akasahau kwa muda yalivyopatikana. Alifurahi kabisa. Alimtazama Esteria aliyekuwa amenyoosha mikono kukinga matone, akajiambia kwamba hata kama ni dhambi, si dhambi ya bure.

Sylvester alimbeba bibi mgongoni akamshusha juu ya jiwe karibu na maji. Bibi Milembe alikaa, akanyoosha miguu yake iliyovimba, akaacha matone yamlowanishe kitenge.

"Pango liko nyuma hapo," alimwambia Esteria kwa sauti ya juu, maana ngurumo ilikuwa kubwa. "Ngoja nipumzike kidogo, halafu utanishika mkono tuingie. Nataka niguse ukuta."

Mafiga yakapangwa, mbuzi akatiwa sufuriani. Walisali, wakaimba nyimbo tatu. Kisha Sylvester akasimama kutoa shukrani: kwa Mungu, kwa wazazi, na kwa mwenyekiti wa kijiji aliyewapa barua na kukubali kutembea na watoto. Walipiga makofi. Esteria alipiga kuliko wote, mikono juu ya kichwa. Masele aliinua kofia kidogo. Saa yake ilisema saa saba kasoro dakika tano, na nyama ilikuwa bado ngumu.

"Sylvester," alisema, "mngekula mkiwa njiani. Mvua inakuja."

Sylvester alitazama mbinguni. Hapakuwa na wingu.

Hakuna aliyeona yalipoanza kupungua. Kwanza walishangaa kwamba wanasikiana vizuri. Msichana aliyekuwa akisema kwa sauti ya juu alijikuta anapiga kelele, akaona haya, akapunguza. Maji yalipasuka vipande viwili, kisha vikawa vijia vyembamba juu ya jiwe jeusi. Mwishowe yakabaki matone. Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya, na sufuria la nyama ndilo pekee lililosikika.

Pango likaonekana. Lilikuwa shimo la kina kifupi, refu kama vitanda vitatu, lenye kinyesi cha popo na majivu ya warina asali.

"Kumbe ni kadogo hivi," alisema Bibi Milembe. Aliliangalia kwa muda mrefu. "Siku ile yangekatika namna hii, wangetuona wote."

"Bibi, huwa yanakatika?" aliuliza Esteria.

"Katikati ya masika? Sijapata kuona."

Wavulana walikuwa wameanza kuinuka wapande juu wakaangalie, lakini hawakuhitaji. Mtu alikuwa akiteremka kwenye mawe, matope hadi magotini, sepetu begani, anatabasamu. Harufu ya mbuzi ilikuwa imemfikia. Huyo alikuwa Shida, mtu mwema ambaye hakuambiwa kwamba jambo lile ni siri.

"Mwadila!" alisalimia. "Mwenyekiti, nimeweza," alisema, akimpa Masele mkono wa matope. "Saa saba kamili, kama mlivyokubaliana na bosi. Ukimwona umwambie, maana huwa anasema mimi mvivu."

Watu arobaini walimtazama Masele. Angeweza kusema hamjui mtu yule. Angeweza kusema ni mambo ya serikali, vijana hawawezi kuyaelewa, na baadhi yao wangekubali. Aliyapitia maneno hayo yote kichwani. Kisha akamwona mama yake, kitenge kimeloa, amegeuza shingo anamsubiri kama alivyokuwa akimsubiri alipovunja kitu utotoni.

"Nimefunga mimi," alisema. "Nilimpa Ngeleja. Leo nilimwomba awafungulie kidogo."

"Ulimpa kwa kitu gani?" aliuliza Sylvester. Aliuliza kwa heshima, na heshima hiyo ilimuumiza Masele zaidi.

"Mabati."

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa nafuu. Sylvester aliinama akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Wasichana wawili walimsaidia Bibi Milembe kusimama, naye akasema hataki tena kugusa ukuta, apelekwe kivulini. Shida, ambaye sasa alielewa kwamba ameharibu, alikaa mbali na sepetu lake na hakuuliza habari ya chakula.

Nyama ikaiva, maana nyama huiva tu. Ilipakuliwa juu ya majani. Na kwa kuwa wakubwa hunawishwa kwanza, na anayemnawisha mwenyekiti ni katibu, Esteria alichukua dumu la maji waliyoyabeba kutoka nyumbani na beseni dogo, akaja mbele ya baba yake, akapiga magoti yote mawili kama alivyofunzwa. Macho yake yalikuwa makavu. Aliyaelekeza kwenye beseni.

Masele alinyoosha mikono. Maji yakamwagika juu ya vidole vyake, kidogo kidogo, kwa uangalifu.

"Ni ya muda gani?" aliuliza Esteria polepole, wengine wasisikie.

"Ile ya kwanza ilikuwa mwaka mmoja."

"Na ya sasa? Ile uliyopiga Ijumaa Kuu?"

Masele hakujua amejuaje. Labda Klementina alimwambia. Labda aliona tu wino ulivyopungua.

"Ishirini."

Esteria alihesabu. Midomo yake ilicheza kidogo, kama alipokuwa darasa la pili na baba yake akimfundisha kujumlisha.

"Nitakuwa na miaka thelathini na tisa," alisema.

Alimpa kitambaa afute mikono, akanyanyua dumu na beseni, akaenda kumnawisha Shida.